Fomu ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni amri ya shangazi. Jana, nilipomweleza kwa mara ya tatu kwamba sikumbuki kama nimelifunga kabati la masjala, aliweka kijiko chini akasema, "Mwanangu, hofu zako ziandike mahali. Mimi niache nile."

Basi naandika. Nina miaka ishirini na minne. Ni karani wa masjala katika kituo cha televisheni cha mji wetu, orofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio, itakayokwisha mwisho wa Mei. Kazi yangu ni kupokea fomu, kuziandika kwenye rejista na kuzifungia. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya fomu moja: mtoto alionyeshwa bila ridhaa ya mzazi, mzazi akaja kufoka mpaka wateja wa dukani wakapanda ngazi kuja kutazama. Nilisimuliwa habari hiyo siku yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo.

Leo mvua imeanza.

Jumatano, 5 Machi

"Mtaa Wetu Jukwaani" inarudi hewani. Kila Jumamosi saa kumi alasiri tunaonyesha kikundi kimoja cha vijana: wapiga ngoma, wachoraji wa kuta, watunzi wa mashairi. Leo mpiga picha wetu, ambaye hapa wote wanamwita Jicho, alikwenda kurekodi kikundi cha vivuli. Amerudi ameloa chapachapa, mfuko wa fomu nao umeloa. Akaubwaga mezani kwangu.

"Muhuri, pokea watoto wako. Wanahitaji kubadilishwa nepi."

Ananiita Muhuri kwa sababu siku ya kwanza nilimgongea muhuri fomu ya kuazima kalamu.

Alikuwa anaikagua picha, akaniita nitazame. Nilisimama mlangoni, maana si chumba changu. Walitundika shuka jeupe na taa nyuma yake, na watu wao wamekatwa kwa maboksi. Ni kisa cha mchora mabango aliyeandika majina ya maduka yote ya mji, lakini mlango wake mwenyewe hauna hata herufi moja. Anayesimulia na kuongoza ni msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, wanamwita Kijiti. Mwisho kivuli cha mchora mabango kinasimama mbele ya mlango wake, kinainua brashi, taa inazimwa.

"Huyo ni baba yake," Jicho akasema. "Kweli kabisa ni mchora mabango. Hata hilo bango la duka hapo chini ni kazi yake. Sasa yuko kitandani, moyo."

Nilirudi masjala nikakuta dari linavuja juu ya meza yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeziokoa fomu zote. Nilizitandaza usiku kucha, asubuhi zilikuwa zimejikunja kama majani na bado zina unyevu, nikazipanga vizuri na kuzikandamiza chini ya rejista tatu nzito ili zinyooke. Hakuna aliyeniagiza. Nimefurahi sana na kazi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Zimenyooka. Nimezihesabu: kumi. Kikundi kina vijana kumi na mmoja. Inayokosekana ni ya Kijiti.

Nilipaswa kuzihesabu Jumatano, zilipofika. Nimeandika kwenye rejista: *Zimepokelewa 10. Haijakamilika.*

Jumanne, 11 Machi

Kila Jumanne kuna kikao cha ratiba. Mkurugenzi wa vipindi ni mama mwenye saa kubwa ya mkononi, anayoitazama kila unapofungua mdomo. Jicho amembatiza Mama Saa, si mbele yake. Aliipitia rejista yangu, akafika kwenye kikundi cha vivuli.

"Haijakamilika. Basi Jumamosi hii waende wapiga ngoma. Masjala, kuna tatizo lolote?"

"Hakuna," nikasema.

Mchana Kijiti alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Nikamweleza kwamba fomu ya baba yake haijafika.

"Dada, niliileta. Nilimpa Jicho mkononi. Baba aliisaini tarehe nne, alikaa nayo saa nzima."

"Haimo."

"Tafuta tena."

"Nimetafuta mara nne." Ilikuwa kweli. Nikampa fomu nyingine. Hakuipokea mara moja.

"Jumapili alipata kiharusi," akasema. "Mkono wa kulia hauendi."

Mama yake alifariki zamani. Hakuna mwingine wa kusaini. Nikamsomea kanuni: asiyeweza kuandika ataweka dole gumba mbele ya afisa wa ofisi ya mtaa, na afisa atagonga muhuri. Niliisoma pole pole, kwa sauti ya upole. Sasa najiuliza upole ule ulikuwa wa nini.

Jumamosi, 15 Machi

Wapiga ngoma. Umeme ulikatika mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

"Masjala, kuna tatizo?" "Hakuna."

Alhamisi, 20 Machi

Kijiti ameleta fomu yenye dole gumba la baba yake, la mkono wa kushoto, wino wa buluu umeenea kama jicho lililopigwa. Muhuri hakuna. Ofisi ya mtaa imejaa maji, imefungwa mpaka itakapotangazwa.

"Dole ni lake, dada. Nilimshika mwenyewe."

"Nakuamini. Lakini si mimi ninayetakiwa kuamini."

"Ni nani, basi?"

Nikasema kanuni. Akacheka kidogo, akaniuliza kama huyo Kanuni anakaa orofa ya ngapi, apande akamwone.

Jumamosi, 22 Machi

Wachoraji wa kuta. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna tatizo.

Shangazi, aliyekuwa anashona kola, aliniuliza kwa nini sili. Nikamweleza. "Kwani huyo mkubwa wako anauma?" akauliza. Nikasema si hivyo, ni kwamba nikisema kuna fomu imepotea, ataniuliza imepotea mikononi mwa nani. Shangazi akakata uzi kwa meno. "Na imepotea mikononi mwa nani?"

Nilikwenda kulala.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeanza kumchukia Jicho. Yeye ndiye aliyeuleta mfuko umeloa. Yeye ndiye aliyepewa fomu mkononi, na leo nilipomuuliza kama huenda iliangukia kwenye gari, alisema, "Muhuri, mimi nabeba kamera ya kilo nane. Karatasi ni zako." Pengine aliiangusha kwenye matope na anajua. Anapiga mluzi siku nzima. Mtu asiye na hatia hapigi mluzi namna ile.

Jumamosi, 5 Aprili

Marudio ya wapiga ngoma, kwa sababu barabara haipitiki na Jicho hakuweza kwenda kurekodi kikundi kipya. Marudio! Na vivuli vimo kabatini mwangu.

Jumanne, 8 Aprili

Ofisi ya mtaa imefunguliwa. Kijiti alikwenda alfajiri kupanga foleni. Afisa amesema mwenye dole lazima aje mwenyewe.

"Nimbebe mgongoni?" aliniuliza. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, kama mtu mzima aliyetoka zamu.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimeulizwa kama kuna tatizo. Nilifungua mdomo. Mama Saa akatazama saa yake. Nikaufunga.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kwao. Nilijiambia ninakwenda kuthibitisha hali ya mzazi, niliandika hata kichwa cha ripoti kwenye karatasi. Ripoti sikuiandika.

Ni chumba kimoja na ua. Ukutani kuna mabango ambayo wateja hawakuyachukua: *Kinyozi*, *Tunashona Sare*, *Usikojoe Hapa*, kila herufi na kivuli chake cha kijivu upande wa kulia, hata hiyo ya Usikojoe. Televisheni ya jirani imewekwa juu ya kreti miguuni mwa kitanda. Kijiti aliniambia jirani ameshaidai mara mbili, na mara mbili amemwomba subira hadi Jumamosi.

Baba yake ni mtu mkubwa aliyepungua ndani ya ngozi yake. Anazungumza na nusu ya mdomo.

"Wewe ndiye wa fomu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Akapumua. "Usimkasirikie huyu. Bado mtoto. Vitu vinampotea."

Kijiti alikuwa mlangoni na kikombe cha maji. Akanipa.

"Nilimwambia, iweke ndani ya daftari," baba akaendelea. "Niliisaini vizuri. Lakini nimemsamehe. Na wewe msamehe."

"Baba, niliipeleka," Kijiti akasema, taratibu, kama aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi.

"Sawa, mama. Yamekwisha."

Nikamuuliza mzee, ili niseme chochote, kwa nini binti yake asimwonyeshe vivuli hapo chumbani, shuka lipo, taa ipo. Akatikisa kichwa.

"Bango halitundikwi chumbani. Nataka aonwe na watu. Na mimi nikiwa mmoja wao."

Niliyanywa maji yote kwa mara moja ili niondoke.

Jumanne, 15 Aprili

"Masjala?" "Hakuna, mama."

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Jicho alifunga mlango wa masjala nyuma yake. Hakupiga mluzi.

"Nimetoka kwao. Mzee ana siku chache. Sasa hasemi tena habari za kuonwa na watu wote, anataka tu kuona. Nipe ile kadi ya kamera yenye vivuli. Nitamwonyesha kwenye kompyuta yangu, dakika ishirini na mbili, kabla ya saa nane nimekurudishia."

"Hakuna picha inayotoka kabla ya kurushwa. Ipo kwenye mwongozo."

"Naijua ipo. Ndiyo maana nimefunga mlango."

Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwangu. Nilihisi ubaridi wake. Nilimfikiria aliyenitangulia akishuka ngazi na boksi lake, na shangazi na kodi ya chumba, na nikafikiri: huyu huyu aliyepoteza fomu sasa anataka kupoteza na kadi.

"Wewe ndiye uliyeipoteza fomu yake," nikasema. "Usiniongezee."

Jicho alifungua mlango. "Haya, Muhuri," akasema, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa utani.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikulala vizuri. Nimeamua: Jumatatu nitampa kadi. Nitaandika kwenye rejista kwamba imetoka kwa ukaguzi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilifika saa moja kasoro. Niliitoa kadi, nikaiweka kwenye bahasha, nikaandika juu *Ukaguzi*. Jicho aliingia saa tatu. Nilimnyooshea bahasha. Hakuipokea.

"Jana saa tano asubuhi," akasema.

Nimeirudisha kadi kabatini. Nimelifunga. Nimehakikisha kwamba nimelifunga.

Jumanne, 29 Aprili

Sikwenda mazishini. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikafika hadi kona ya mtaa wao, nikaona viti vya plastiki uani na watu wamejikunyata chini ya turubai. Kijiti alikuwa ameketi mbele, miguu yake imezama kwenye maji ya matope, na hakuna aliyemwambia aisogeze. Nikageuka.

Baba yake mdogo amekuja kumchukua. Anakaa upande wa pili wa mji.

Jumamosi, 3 Mei

Washairi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua imepungua. Jirani amechukua televisheni yake, Jicho ameniambia. Sasa ananiambia mambo kama hayo bila kunitazama.

Jumatatu, 12 Mei

Ninaandika saa sita mchana, mezani kwangu, mlango umefungwa.

Leo jua limewaka tangu asubuhi. Harufu ya uvundo masjala imekuwa mbaya, nikaona nilitoe boksi la ridhaa nje, kwenye baraza la orofa yetu, lipigwe na hewa. Niliziweka fomu moja moja ukingoni, na jiwe juu ya kila moja. Baada ya saa moja nilikwenda kuzigeuza. Fomu ya mshika taa wa kikundi cha vivuli ilikuwa imebanduka pembeni. Chini ya ile pembe palikuwa na pembe nyingine.

Nilizibandua kwa ukucha. Zilitoa sauti kama plasta inapotoka kwenye kidonda.

Ni yake. Tarehe 4 Machi. Karatasi mbili zilizoloa, nikazipanga sawasawa, nikaweka juu yake rejista tatu. Mimi. Kwa uangalifu wangu wote. Kila nilipozitafuta nilihesabu kumi, na kumi zilikuwa kumi.

Sahihi si sahihi kama za watu wengine. Ameandika jina lake zima kwa herufi za bango, zilizonyooka, zenye unene sawa, na kila herufi ameitilia kivuli cha kijivu upande wa kulia, kwa penseli. Nafasi ya sahihi ni sentimita tano. Alikaa nayo saa nzima.

Jicho amepita barazani akipiga mluzi, akaniona nimechuchumaa. "Muhuri, umedondosha nini?" Nikamwonyesha. Aliutazama ule mwandiko, akakaa chini kwenye sakafu pamoja nami. Nilimwomba radhi kwa niliyomwambia siku ile. Akasema, "Si mimi wa kuombwa."

Jumanne, 13 Mei

Kikao. "Masjala, kuna tatizo?"

"Lipo."

Niliisema yote mbele ya wote, tangu dari hadi ukucha. Mama Saa hakuitazama saa yake. Nikagundua kwamba sijawahi kumwona akinitazama usoni, au pengine mimi ndiye niliyekuwa natazama saa ile.

"Huyo baba alikuwa hai kwa wiki ngapi baada ya fomu kukosekana?"

"Saba na siku mbili."

"Na mimi nimekuuliza mara ngapi?"

Nikasema mara saba.

"Ningekwenda mwenyewe na kamera," akasema. Sauti yake haikupanda. "Ningemwambia, mzee, sema unakubali. Akasema. Nikaweka sahihi yangu chini yake, kipindi kikaenda Jumamosi ile ile. Wiki ya kwanza, binti. Nusu saa ya kazi. Ungeniambia tu."

Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Habari za ajira yako tutazungumza tarehe thelathini. Kipindi kitaenda Jumamosi hii, ridhaa ipo. Lakini kwanza utakwenda kwa huyo mtoto, wewe mwenyewe. Hilo silifanyi kwa niaba yako."

Jumatano, 14 Mei

Nyumba ya baba mdogo ina geti la bati. Kijiti alikuwa anafua. Alipangusa mikono kwa sketi, akaipokea fomu, akaishika kwa ncha za vidole.

Alikuwa anafuata herufi kwa macho, moja moja, na nilipomtazama nikaona midomo yake inakwenda, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Ilikuwa wapi?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo niliileta."

"Uliileta."

"Kila siku nilimwambia nimeipeleka. Kila siku. Naye ananiambia, sawa mama, yamekwisha." Akaikunja midomo. "Siku ya mwisho alinishika mkono, akasema, ile karatasi nimekwisha kuisahau, usiibebe. Alinisamehe, dada. Alikufa amenisamehe, na mimi sikufanya kitu."

Nilisema nisamehe. Neno lilitoka, likakaa kati yetu kwenye ndoo ya povu.

"Hapana," akasema. Hakulisema kwa hasira. "Sasa hivi hapana."

Nikamweleza kuhusu Jumamosi. Nilidhani atakataa. Alifikiri, akasema, "Irusheni. Lakini mseme kwamba niliileta. Mseme hapo hapo kwenye televisheni, watu wa mtaa wetu wasikie. Walikuwa wananicheka kuwa nimepoteza karatasi ya baba."

Akanirudishia fomu. Kanuni inasema fomu haitoki masjala. Nikamwambia akae nayo. Akaniuliza kama nitapata matatizo. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Saa alitaka mtangazaji asome. Nikasema nitasoma mimi. Jicho alinisogeza nyuma hatua mbili, akanirekebisha kola aliyoishona shangazi, akasema, "Tazama hapa kwenye kioo, Muhuri, si miguuni." Nilisoma hivi:

"Kikundi mnachokitazama kilipaswa kuonyeshwa mwezi Machi. Msichana anayekiongoza aliileta fomu yake kwa wakati, imesainiwa na baba yake. Haikupotea mikononi mwake. Ilipotea mikononi mwangu, mimi karani wa masjala, na sikumwambia mtu. Baba yake hakuwahi kukiona kipindi hiki."

Kisha shuka jeupe, taa, na kile kivuli kikubwa kikipita mtaani na ngazi yake begani, kikiandika majina ya watu wengine.

Sijui kama Kijiti alitazama. Simu ya masjala haikulia. Jicho alipita kwenye mtaa wao wa zamani, anasema jirani aliiweka televisheni dirishani, ikitazama nje, na watu walisimama barabarani mpaka mwisho, mpaka taa ilipozimwa na mlango ukabaki hauna kitu.

Nilirudi mezani. Nilifungua rejista, mstari ulioachwa wazi tangu Machi, nikaandika: *11. Imepokelewa tarehe 5 Machi.* Kwenye safu ya mahali ilipo nikaandika: *Kwa mwenyewe.*

Wino ulikauka papo hapo. Hakuna unyevu tena humu ndani.